Moyo wa Miaka Tisini na Miwili

Kisangani, komini ya Tshopo, tarehe 12 mwezi wa kwanza 2025

Tonton Yusufu, kaka wa marehemu mama yangu na fundi wa nguo wa Opala,

Nakusalimu kwa heshima yote, ukitoa ile kidogo ambayo mpwa ana haki ya kumpunguzia mjomba wake. Msalimie tantine Safiya. Mwambie mchele aliotutumia ulikuwa mzuri, na mawe yake yalikuwa machache kuliko ya mwaka jana.

Sisi hatujambo. Hemedi, mume wangu, amemtengenezea jirani mlango, na mlango umependeza mpaka jirani anaona haya kuuweka kwenye nyumba yake. Binti yetu Nyota ameanza stage ya kujifunza kazi katika famasi moja hapa mjini. Tangu siku hiyo hanywi hata chai kabla hajasoma maandishi ya pakiti. Bwawa la umeme liko karibu nasi, tunasikia maji yake, lakini umeme wenyewe unatutembelea kama mgeni mwenye haraka. Mimi bado nafundisha historia asubuhi na kugombana redioni kila Ijumaa. Wiki iliyopita niligombana na waoka mikate.

Basi, tuingie ndani. Arsène, huyu mwenye mashua ya baleinière anayekuletea pakiti hii, ni mtu mwema ila hawezi kufunga mdomo. Ameniambia kwamba juu ya cherehani yako, pale ulipozoea kuweka sindano, sasa kuna chupa tatu zenye picha ya moyo mwekundu unaocheka. Tonton, moyo unaocheka! Mwezi wa kumi na moja ulilazwa hapa siku tisa, na mimi nilikaa pembeni ya kitanda chako. Daktari alisema mbele yetu sote: tension ya damu imefika ishirini na mbili, moyo umechoka kusukuma, kidonge kimoja kila asubuhi maisha yako yote, na ukikiacha, safari ijayo huenda tusipate hata muda wa kukufikisha hospitali. Juu ya chupa zinazocheka hakusema neno.

Nakutumia vidonge vya miezi mitatu. Niambie kama unavimeza. Niambie pia ni nani aliyekuuzia zile chupa. Nataka jina lake, na urefu wake.

Mpwa wako anayekupenda na asiyekuamini,
Ramla


Opala, tarehe 3 mwezi wa pili 2025

Binti yangu Ramla, mwalimu wa watoto na mchokozi wa watu wazima,

Barua yako imefika ikiwa imelowa upande mmoja, na hata huo upande uliolowa ulikuwa unapiga kelele. Nakushukuru. Mimi napenda barua zako kuliko simu. Kwenye simu sijawahi kumaliza sentensi tangu antena iletwe hapa. Kwenye karatasi unalazimika kuningojea.

Tantine wako ni mzima. Anasema mawe ya mchele yalikuwa ya kupima meno yako, mwaka ujao ataongeza. Mto Lomami umejaa na samaki wamepungua kidogo. Nina kazi nyingi: nashona majoho ishirini na mawili ya kwaya ya parokia. Aliyeniletea kazi hiyo ni Gertrude, muuguzi wetu wa kituo cha afya, ambaye naye anaimba. Kila nikimpima mabega yeye ananipima tension, tunalipana hivyo.

Mwenye chupa anaitwa Sylvain. Urefu wake ni wa kawaida, lakini mikono ya koti lake ilikuwa mifupi, nikamrekebishia bure. Alikuja na kompyuta na chuma kimoja kama mpini wa kisu. Akanishikisha kile chuma, kompyuta ikalia kama kifaranga, kurasa zikatoka. Akatikisa kichwa.

“Papa Yusufu, pole sana. Wewe uko na miaka makumi sita na saba, lakini moyo yako iko na miaka makumi tisa na mbili.”

Nikamuuliza: “Alors, ile miaka makumi mbili na tano mbele ya mimi kuzaliwa, moyo ilikuwa inafanya nini?”

“Hiyo ni question ya science, papa.”

Nikacheka, na kwa kuwa nilicheka nikanunua. Chupa moja ni mafuta ya samaki, ya pili ni kitunguu saumu, ya tatu ni magnesium. Ni chakula cha nyongeza, wala si dawa, hata karatasi yao inasema hivyo, kwa herufi ndogo ambazo tantine alizisoma kwa miwani yangu.

Vidonge vya hospitali navyo nakula, usipige kelele. Kila asubuhi nakitayarisha kimoja vizuri. Ila nikuambie ukweli: hii ya daktari wako inanipiga, ile ya Sylvain inanibembeleza. Nikishakula ya daktari, lazima nikae kwanza mpaka nyumba isimame. Ya Sylvain haina ugomvi na mtu. Na Gertrude akinipima Jumanne jioni anakuta kumi na nane, mara nyingine kumi na tisa. Sasa wewe uliyesoma, niambie: dawa inayompiga mgonjwa na kuiacha tension imekaa vilevile, imeajiriwa na nani?

Mjomba wako,
Yusufu


Kisangani, tarehe 24 mwezi wa pili 2025

Tonton,

Nakusalimu wewe na tantine, na moyo wako mkubwa kuliko wewe, ambao kwa hesabu ya Sylvain nalazimika kuuita babu.

Hapa salama. Jirani ameuweka mlango, na sasa Hemedi anaombwa na mtaa mzima. Nyota amegombezwa famasi kwa sababu alimwambia mteja aende kula mboga badala ya kununua. Nilimpongeza kwa siri.

Nimesoma juu ya chupa zako. Nimesoma wiki mbili, kwa Kifaransa na kwa lugha nyingine ambazo nalazimika kuzitafuna polepole. Sikiliza. Watafiti walichukua watu maelfu, wengine wakawapa mafuta ya samaki kwa miaka, wengine wakawapa mafuta ya kawaida tu, na mwishoni mioyo ya hawa na ya wale ilikuwa karibu sawa. Kuna wagonjwa ambao daktari mwenyewe huwaandikia mafuta hayo kwa sababu maalumu, wewe hukuandikiwa. Ukiyanywa kwa wingi yanaweza hata kuvuruga mapigo ya moyo. Kitunguu saumu kinaishusha tension kidogo mno, kama kumwomba tembo kwa adabu asogee. Magnesium inamfaa aliyepungukiwa nayo. Na wewe, Tonton, umekaa ukingoni mwa Lomami, samaki wanapita mbele ya mlango wako wakiwa wamevaa mafuta yao wenyewe, unanunua mafuta ya samaki kutoka kwenye mfuko wa mtu aliyekuja kwa pikipiki!

Najua kwa nini watu wananunua, na hilo ndilo linaloniudhi. Sylvain alikaa chini. Alishika mkono wako, akakuuliza unalalaje, unakulaje, akacheka nawe. Daktari wetu ana wagonjwa sitini kwa siku na dakika nne kwa kila mmoja. Watu hawanunui chupa, wananunua mtu wa kuwasikiliza. Hayo nimeyasema redioni Ijumaa, na wauza chupa wamenipigia simu kunitukana, jambo ambalo daima hunipa nguvu ya kupika.

Kuhusu dawa ya daktari kukupiga, hivyo ni visingizio. Hata quinine ilitupiga, na wewe mwenyewe ulinibana pua nikaimeza, nikiwa na miaka saba. Meza.

Ramadhani inaingia mwishoni mwa wiki. Daktari amekukataza kufunga na dini imemruhusu mgonjwa asifunge. Usijifanye mkali kuliko vyote viwili.

Ramla


Opala, tarehe 6 mwezi wa nne 2025

Binti yangu,

Idi imepita, tumeshukuru. Tantine anawasalimu. Sikufunga, kama mlivyoniamuru wewe na Mungu, kwa mpangilio huo.

Nguo za Idi zilikuwa nyingi. Majoho ya kwaya yamekwisha, wakiyavaa wanaonekana kama malaika waliokula vizuri. Katikati hapo nilipumzika kazi siku nne hivi, kwa sababu ya mvua.

Kuhusu mambo mengine, hakuna mambo mengine.

Sindano ya cherehani imevunjika. Nitumie za namba kumi na nne, pakiti mbili.

Yusufu


Kisangani, tarehe 21 mwezi wa nne 2025

Tonton yangu,

Sindano ziko ndani ya pakiti, pamoja na vidonge vya miezi mitatu mingine. Hemedi anakusalimu, Nyota anakusalimu. Mwambie tantine nimempelekea kitenge. Akishonishe kwa fundi mwingine kama anataka kimalizike mwaka huu.

Nimeisoma barua yako mara tano. Mara zote tano zilichukua muda mfupi kuliko kuisoma yoyote ya nyuma mara moja. Tangu lini mvua ikamzuia fundi anayeshona chini ya mabati? Kwa hiyo nilimkalisha Arsène jikoni, nikamwekea sahani ya lituma, ndizi za kutwanga, na samaki, nikamwambia hatakula mpaka aseme. Alijaribu kuwa mwanaume kwa dakika mbili hivi.

Ulianguka, Tonton. Saa tatu ya asubuhi, juu ya cherehani, mbele ya mteja. Sindano haikuvunjika kwenye kitambaa, ilivunjika kwenye kiganja chako. Tantine alikumwagia maji, akakulaza siku nne, na wewe ukamwapisha Arsène asiniambie.

Sina hasira. Nilikuwa nayo, nikaitumia yote kwa Arsène, maskini. Nilichobaki nacho ni hofu, na mimi hofu sijui kuiandika vizuri, sina mazoezi. Ulinilea tangu baba alipofariki. Ulinishonea sare ya kwanza ya shule, yenye mfuko ambao hakuna mtoto mwingine aliyekuwa nao. Sitaki kuletewa habari zako na mtu wa baleinière huku akila samaki wangu.

Uliniambia mwezi wa pili kwamba dawa inakupiga, na mimi nikakujibu habari za quinine. Hilo lilikuwa jibu la mtu anayetaka kushinda. Sasa nakuuliza upya, na safari hii nangojea. Nieleze unachokifanya na hicho kidonge tangu unapoamka, hatua kwa hatua, usiruke hata moja. Nieleze kama unavyomfundisha mwanagenzi kukata suruali. Nitakaa kimya.

Ramla


Opala, tarehe 12 mwezi wa tano 2025

Binti yangu Ramla, uliyeahidi kukaa kimya, nimeionyesha barua hiyo kwa majirani kama ushahidi,

Tunawasalimu wote. Tantine amekipenda kitenge. Kiganja changu kimepona, imebaki alama ndogo kama tundu la kifungo. Na Arsène nimemsamehe: lituma ya mkono wako hata mimi ingenifungua mdomo.

Umetaka kufundishwa, basi kaa.

Naamka, nasali, naosha mikono. Nachukua sindano namba tisa, nyembamba, isiyotumika kwa kitu kingine. Natoboa ile kapsuli ya mafuta ya samaki, nakamulia mafuta juu ya chakula, ngozi yake natupa motoni. Kapsuli ya kitunguu saumu naifungua kama kibuyu, namimina unga, ngozi motoni. Hapo hakuna kazi.

Kazi iko kwenye kidonge cha hospitali. Kina ngozi nyekundu inayong'aa, ngumu kuliko zote. Nakilowesha kwenye kijiko cha maji, kikilainika naimenya ngozi kwa ukucha wa dole gumba, huu nilioufuga kwa kufumua mishono. Hakuna mtu hapa Opala anayemenya safi kama mimi. Kinachobaki nakitwanga katika kinu kidogo cha pilipili. Tantine amenipa kinu cha peke yangu, baada ya asubuhi moja ambayo sitaisimulia. Nachanganya na uji, nakunywa. Muda si mrefu uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakimbia kama gurudumu la cherehani lililokatika mkanda. Nakaa. Baadaye inapoa. Siku ile mteja aliniita, nikasimama haraka. Nilimwona mteja, kisha nikaona kitambaa kwa karibu sana.

Utaniuliza kwa nini namenya. Wewe ndiye wa kuniuliza? Wewe? Ramadhani ya mwaka ule, miaka mitatu sasa, si ni sauti yako tuliyoisikia, imetumwa kwa simu kutoka Kisangani mpaka hapa? “Ndugu Waislamu, ngozi za dawa hizi zimetengenezwa kwa nini? Kwa mnyama gani? Msimeze ngozi msiyoijua! Menyeni kwanza!” Nililia kwa furaha. Niliwaambia wote waliokuwa dukani: huyu ni mtoto wa dada yangu, huyu mimi ndiye niliyembana pua.

Wala si mimi peke yangu. Nyumba zote za karibu na msikiti, hakuna anayemeza kidonge chenye ngozi. Mzee Djuma wa ng'ambo ya barabara, mwenye tension kama yangu na kidonge kilekile, anatumia wembe. Tunaita kula dawa kwa namna ya Ramla. Ulikuwa hujui kwamba wewe ni namna?

Yusufu


Kisangani, tarehe 21 mwezi wa tano 2025. Kwa pikipiki.

Tonton, usimenye. Usitwange. Kuanzia kesho asubuhi meza kidonge kizima, na maji, kama kilivyo.

Nimejaribu simu tangu jana jioni. Antena yenu imelala. Kijana wa pikipiki ameahidi siku tatu kama barabara haijakatika. Barua hii mpe Gertrude aisome kabla hujaimaliza.

Nyota aliposoma yako aliweka mkono mdomoni. Kidonge kile kimetengenezwa makusudi kitoe dawa kidogo kidogo, kutwa nzima. Ukikimenya na kukitwanga, dawa yote ya siku inakuingia kwa mara moja. Tension inaporomoka asubuhi, moyo unakimbia kuifukuza, unaanguka. Jioni dawa imekwisha mwilini, Gertrude anakuta kumi na tisa, na wewe unasema dawa haifanyi kazi. Haikuwa dawa iliyokupiga, wala hakikuwa kisingizio. Uliniambia ukweli tangu mwezi wa pili.

Usimeze viwili kufidia siku zilizopita. Nenda kwa Gertrude akupime asubuhi na jioni wiki nzima, na umpelekee zile chupa tatu azione. Kama Djuma anafanya hivyohivyo, mwendee leo. Leo, Tonton.

Sasa lile jingine. Mwaka ule nilisoma karatasi moja tu, kwamba kapsuli nyingine hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini nyingine hutoka kwa nguruwe. Hilo ni kweli, na kwa mafuta yako ya samaki sijui ni ya mnyama gani, sindano yako iendelee tu. Lakini kidonge chenye rangi si kapsuli. Ngozi ya kidonge chako ni ya mimea. Nyota ameitafuta karatasi ya watengenezaji, ameniwekea kidole kwenye mstari. Sikumuuliza mfamasia hata mmoja. Kapsuli na kidonge niliviweka pamoja kwa sababu sentensi ilikuwa tamu, na nilijua nikiisema itapigiwa makofi. Miezi yote hii nimekuwa nikimtukana Sylvain, na yeye alikuuzia vitu vya kubembeleza tu. Aliyekuangusha ni mimi.

Keshokutwa ni Ijumaa. Nitalisema redioni kama lilivyo, kwa jina langu.

Nimesahau kuwasalimu. Nawasalimu.

Ramla


Opala, tarehe 16 mwezi wa sita 2025

Binti yangu Ramla,

Salamu zangu ni nyingi, maana nalipa na zile ulizozisahau. Tantine mzima, mimi mzima, cherehani nzima. Kijana wako wa pikipiki alifika siku ya tano, amevaa matope mpaka kwenye nyusi, akanikabidhi barua kana kwamba ni mtoto mchanga. Gertrude aliisoma akiwa amesimama. Aliponitazama nilijua sitapenda anachotaka kusema, kwa hiyo nilisema mimi kwanza: “Bon, nitameza.”

Amenipima wiki tatu. Jioni kumi na saba, halafu kumi na sita, sasa kumi na nne na nusu. Asubuhi nyumba imesimama yenyewe. Chupa za Sylvain amezisoma zote, akasema hazitaniua wala hazitaniponya, na kwamba makayabu, samaki waliokaushwa kwa chumvi, ninayokula kila Alhamisi yananidhuru kuliko zilivyoweza kunifaa. Nimeziacha zile chupa. Makayabu bado tunajadiliana.

Rekodi yako imefika. Tuliisikiliza dukani, watu wamejaa mpaka barabarani. Ulisema “nilikosea” mara mbili. Tantine akaomba irudishwe, tukalisikia mara nne zaidi. Ni neno zuri kinywani mwako. Bado linabana mabegani, kama koti jipya, ila limekukaa. Usinijibu hapo. Nakujua, umeshafungua kalamu.

Lakini usidhani ukishasema watu wanageuka. Nilipita nyumba kwa nyumba, kumi na moja. Saba walikubali. Wengine walitaka kufikiri. Mzee Djuma aliniweka mlangoni, wembe mkononi.

“Ramla wa kwanza alisema kweli,” akasema. “Huyu wa pili wamemupatia makuta, wamemununua.”

“Nani amemupatia?”

“Benye famasi. Unaona binti yake anatumika kazi wapi?”

“Djuma, mwezi uliopita ulianguka mara ngapi?”

“Mara mbili. Lakini nilianguka safi.”

Wewe ungempa jibu, na angekuchukia, na kesho yake angemenya tena. Basi nikamwambia: “Jumamosi asubuhi kuja kwangu. Utaona mwenyewe.”

Jumamosi nilitoa cherehani barazani. Nilidhani atakuja peke yake. Walikuja kama thelathini, wengine na viti vyao. Gertrude alikuja na kipimo chake, amekishika kama msalaba. Nilikitoa kidonge kwenye pakiti mbele yao, chekundu, kinang'aa. Nikakiweka ulimini, nikawaonyesha ulimi kama mtoto, nikanywa maji. Mama mmoja akafunga macho.

Kisha nikashona. Niambie, umewahi kutazamwa na watu thelathini wanaongojea uanguke? Nilishona mkono wa shati upande usio wake, nikaufumua, nikaushona tena. Hakuna aliyeondoka. Gertrude alinipima, akaonyesha namba kwa kila aliyetaka. Djuma hakutazama namba. Alinitazama uso, kama uso unawaka.

Baada ya saa moja na nusu nilikumbuka kwamba siku ile niliangushwa na kusimama haraka. Nikaona hakuna njia nyingine. Nikasimama kwa ghafla, nikanyoosha mkono kuchukua mkasi ukutani. Baraza zima lilishika pumzi. Nikachukua mkasi. Nikabaki nimesimama.

“Kaa,” Djuma akasema. “Simama tena.”

Nikakaa, nikasimama. Akataka mara ya tatu, nikampa. Magoti yalilia, lakini hayo si ya dawa.

Halafu akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Ndani yake kulikuwa na kidonge kimoja chekundu, kizima, hakijaguswa na wembe. Alikuwa amekuja nacho tangu nyumbani, na saa zote zile alikuwa amekificha.

“Nipatie maji,” akasema. “Lakini utakaa hapa na mimi. Kama ninaanguka, ninakuangukia.”

Akameza, amefumba macho, kama mtu anayerukia mto. Watu walirudi makwao mmoja mmoja. Sisi wazee wawili tulikaa barazani mpaka adhuhuri, magoti yakigusana, hatukufanya kazi yoyote, tukitazamana. Kila nikijikohoza ananishika mkono. Kila akipiga mwayo namshika wake. Shati la mteja halijamalizika mpaka leo.

Mjomba wako aliye hai na anayekudai barua ndefu,
Yusufu